Majani ya Migomba Juu ya Jenereta

Ni mimi niliyesema jenereta lifunikwe. Nimekana hilo mbele ya kaka yangu na mbele ya mwenye jenereta aliyekuja kulichukua jioni akakuta rangi ya ubavuni imebabuka. Mbaya zaidi, nimekana mbele ya shangazi yangu, ambaye aliniuliza kwa upole huku amenishika mkono. Nilisema ni watu wa mapambo. Watu wa mapambo walikuwa wameshaondoka na maua yao ya plastiki, hawakuwa na ndugu pale wa kuwatetea, nikaona wanafaa kabisa kubeba lawama.

Ilikuwa kipaimara cha binti wa kaka yangu, nyumbani kwetu, juu kidogo ya Kikatiti, kwenye kihamba, shamba la migomba na kahawa, alichotuachia baba. Kwetu kipaimara si ibada tu. Mtoto akishawekewa mikono kanisani, ukoo unarudi nyumbani kuthibitisha kwamba nao umo, kwa maturubai, spika ndefu kuliko mlango na mbuzi mzima aliyechomwa akasimamishwa mezani na majani mdomoni. Na kabla ya hayo yote kuna kamati. Kamati yetu ilikutana Kwa Mrombo, kwenye nyama choma, kwa sababu hakuna Mmeru aliyewahi kupanga jambo la maana akiwa na njaa. Kaka alikuwa mwenyekiti. Mimi nilikuwa katibu. Shahada yangu ya fasihi, ambayo mjini hainisaidii hata kupata mpangaji, kijijini inatosha kabisa kunipa kazi ya kuhesabu kreti za soda.

Umeme wa huko kwetu ulikuwa na tabia ya kukatika siku za Jumapili, hasa Jumapili yenye sherehe, kwa hiyo kamati ikaamua kukodi jenereta. Lile la kawaida la kuwashia taa za dukani kaka alilikataa. Alitaka la dizeli, kubwa, la kubebwa na pikapu. "Tusije tukachekwa," alisema, na wote tukatikisa vichwa huku tumejaza midomo.

Lilipofika asubuhi ile nililichukia papo hapo. Lilikuwa limepakaa grisi nyeusi iliyoshika vumbi, nywele na manyoya ya kuku wa sherehe nyingine. Chini lilikuwa linadondosha kitu kizito kama makamasi. Mwenyewe alishuka na kijiti cha meno mdomoni, shati limefunguka tumboni, na harufu yake na ya jenereta zilikuwa zimezoeana kiasi kwamba sikuweza kuzitenganisha.

"Nani msimamizi hapa?"

"Mimi," kaka alisema. "Mwenyekiti."

"Mwenyekiti, sikiliza. Hili linakaa nje. Nje ni nje, siyo barazani, siyo stoo, siyo chini ya dirisha la mtu. Bomba la moshi liangalie migombani. Mafuta yakipungua unazima, unaacha lipoe, ndiyo unajaza. Mkono wenye maji usiguse waya. Mvua ikija, zimeni. Na asitokee mjanja akachomeka huu waya kwenye soketi ya ukutani eti awashe nyumba nzima. Umeme unatoka unaenda kwenye nguzo, kuna fundi yuko juu huko anatengeneza, mnamuua."

"Tumekuelewa."

"Na msilifunike. Linapumua hili."

"Tumekuelewa, bwana."

"Mnaelewaga wote," alisema, akatema kijiti karibu na kiatu changu, akapanda pikapu yake akaondoka.

Nakiri kwamba nilichosikia katika maneno yale yote ni mate. Nilikitazama kile kijiti kwenye vumbi, nikajiambia mtu wa namna hii hawezi kunifundisha kitu. Hiyo ndiyo elimu niliyosomeshewa kwa kahawa ya baba.

Lakini mwanzoni tulimtii. Jenereta liliwekwa pembeni ya uwanja, mgongo kwa migomba, likawashwa. Ardhi ikatetemeka. Kelele zake zilikuwa zinaingia kwenye meno. Kaka, ambaye alijipa yeye mwenyewe kazi ya kulihudumia, alikuwa analiongezea dizeli kwa jagi. Nililitambua lile jagi. Ndilo lililokuwa linatumika kunawisha wageni mikono. Alilifuta ndani kwa kitambaa cha mezani, akalirudisha kwenye beseni lake, na wageni wa kwanza wakanawa, wakanusa vidole, wakatazamana, wakasalimiana kwa heshima. Angalau alikuwa analizima kwanza kabla ya kujaza. Kulisubiri lipoe hakuweza, kwa sababu kila muziki ulipokatika watu walikuwa wanamzomea.

Wakati huo mpiga video alikuwa ananibandika maiki. Mimi ndiye niliyepangiwa kutoa nasaha kwa mtoto, na wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa ameagiza sauti itoke safi. Kimaiki kidogo cheusi kikabanwa kwenye ukosi wa kitenge changu, na betri yake ikafichwa kiunoni. Wifi alisimama pembeni yangu, akakodolea macho kioo cha kamera.

"Hilo dude mbona linaonekana?"

"Liko nyuma ya meza kuu, mama," alisema mpiga video. "Nikimpiga mtoto, nalipiga na lenyewe."

"Na kelele?"

"Kelele ndiyo usiseme. Nasaha zitasikika kama za kwenye trekta."

Wifi alinigeukia. "Wifi, wewe ndiye msomi. Tunafanyaje?"

Ningeweza kusema tuligeuze, tulisogeze mbali zaidi migombani, tutafute waya mrefu. Nilikuwa nafikiria nasaha zangu. Nilikuwa nimeziandika kwa wiki nzima, zilikuwa na aya nilizojivunia, na wazo kwamba zingemezwa na lile jitu la grisi lilinitia kichefuchefu cha kweli.

"Lisogezeni nyuma ya stoo," nilisema. "Halafu mlifunike kwa ile migomba iliyobaki ya lango."

Kwetu lango la sherehe hujengwa kwa migomba mizima, imekatwa na mashina yake, inasimamishwa pande mbili na kufungwa majani juu. Siku ile ilibaki mingi. Wanaume wanne wakalikokota jenereta hadi nyuma ya stoo, watu wa mapambo wakalizungushia mashina, wakalilazia majani juu tabaka kwa tabaka, wakamalizia na turubai la kuanikia kahawa. Likatulia. Kelele zikawa kama za mtu anayekoroma chumba cha pili. Kwa mbali kile kibanda kilipendeza, ungedhani kimejengwa kwa ajili ya maharusi.

"Kusoma raha," wifi alisema, akanipiga begani.

Sasa niseme habari za stoo. Kila sherehe ya kwetu ina mtu wa stoo, mwanamke mmoja anayeaminiwa kuliko wote, ambaye anajifungia na vyakula ili visitokee mlango wa nyuma kabla ya wageni kula. Mtu wetu wa stoo siku zote ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Ameokoka tangu mimi nikiwa msichana, hajawahi kuonja mbege hata ya kidole, na kila Jumatano anawafundisha akina mama ubaya wa pombe kwa sauti ambayo waume zao huisikia wakiwa klabu. Siku ile alikuwa amejifungia humo na pilau, keki, mbuzi mchomwa na kuku wawili wa kienyeji aliowaleta mwenyewe kuwa zawadi ya mtoto, wamefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Ufunguo aliuvaa shingoni. Stoo ina dirisha moja tu, la wavu. Linaangalia nyuma.

Nikatoa nasaha. Nilizungumza kwa muda mrefu. Nilimweleza mtoto aliyekuwa amebanwa na gauni jeupe na viatu vya kuazima kuhusu uhuru wa fikra na wajibu wa dhamiri. Nilisema, nakumbuka vizuri, kwamba mtu mzima ni yule anayeweza kusema "ni mimi". Mwinjilisti aliitikia "amina". Bibi mmoja alisinzia. Sauti yangu ilitoka safi kabisa.

Nilipomaliza, wifi alikwenda kugonga stoo ili chakula kitolewe. Hakufunguliwa. Akagonga tena, akaita, akapiga mlango kwa kiganja. Tukasikia ufunguo ukikwaruza kitasa kama unaotafuta tundu. Mlango ukafunguka, na shangazi akatoka ameshika ukuta. Macho yalikuwa mekundu, kilemba kimeshuka sikioni, midomo imelegea. Alitaka kusema kitu, ulimi ukamkatalia. Akachukua hatua mbili, akapiga goti, akatapika kwenye ngazi, mbele ya mwinjilisti aliyekuwa na sahani tupu mkononi.

Halafu meza ya wazee ikacheka.

"Ehee! Leo dada kaionja!"

"Mara ya kwanza hiyo, lazima ikupige!"

"Jumatano atafundisha kwa mifano!"

Hakuna aliyeuliza kama anaumwa. Mtu akiyumba kwenye sherehe ya kwetu, pana sababu moja tu, na pipa la sababu hiyo lilikuwa jikoni, hatua chache kutoka stoo. Wifi alimvuta kando kwa mkono, uso umemkunjamana. Kilichomchukiza zaidi ni kwamba kamera ilikuwa inawaka.

Mimi nikaingia stoo. Hewa ya mle ilikuwa nzito, ya moto, ina ladha ya sarafu. Moshi mwembamba ulikuwa unapita kwenye wavu wa dirisha bila haraka. Wale kuku wawili walikuwa wamelala ubavu, miguu imefungwa, midomo wazi. Nikamgusa mmoja kwa ncha ya kiatu. Shingo ikaviringika.

"Mungu wangu," nilisema. "Ni moshi. Ni moshi wa jenereta."

Nilijua. Sikuhitaji kuambiwa. Injini ikizibwa inarudia kuvuta moshi wake yenyewe, na katika moshi ule mna hewa isiyo na rangi wala harufu inayochukua nafasi ya pumzi katika damu ya mtu. Kwanza kichwa kinauma, miguu inalegea, anaongea kama mlevi, kisha analala. Niliwahi kuandika makala kuhusu jambo hilohilo, familia inayolala na jiko la mkaa chumbani. Niliwasikitikia sana watu wale. Niliwaita wahanga wa ujinga.

Wifi alitokea mlangoni. "Amelewa, eti?"

Hapo ndipo palikuwa na nafasi yangu, wazi kama mlango wenyewe.

"Labda amechoka tu," nilisema.

Nilikimbia nyuma, nikamwambia kaka azime jenereta. Alipouliza kwa nini, nilisema muziki umezidi, wazee wanalalamika. Yale majani ya chini yalikuwa yameshakauka na kuanza kuwa kahawia karibu na bomba. Dakika chache zaidi tungekuwa na moto pia. Nikamlaza shangazi penye upepo, chini ya mti wa kahawa, nikampepea kwa sahani ya karatasi. Nilijua alipaswa kupelekwa hospitali wakati uleule, tena gari zilikuwepo. Nilijua pia kwamba kitu cha kwanza ambacho daktari angeuliza ni mama huyu alikuwa wapi na palikuwa na nini. Basi nikaendelea kumpepea. Rangi ilimrudia polepole. Alipofumbua macho aliuliza kama keki iko salama.

Huku nyuma wifi alikuwa amewaona kuku.

"Wamekufa kwa joto! Wakateni shingo upesi kabla hawajapoa, tusipate hasara."

Wakakatwa, ingawa damu haikutoka ya kutosha kumdanganya mtu. Wakachemshwa, wakakaangwa na vitunguu, wakaletwa meza kuu kwa heshima zote. Nikawekewa paja. Nililitazama lile paja, likiwa na ngozi yake ya manjano na mafuta yanayong'aa, na harufu ya dizeli ikiwa bado kwenye vidole vyangu kutoka kwenye lile jagi. Kama ningelikataa, wifi angeuliza sababu. Nikalila. Nikatafuna hadi mfupa. Mpaka leo nikipita penye kuku wa kukaanga nafunga pua.

"Dada! Maiki yangu!" mpiga video alinikimbilia nikiwa nanawa. Nilikuwa nimekisahau kabisa. Nikakibandua ukosini huku nacheka, nikamrudishia. Kitaa chekundu cha betri kilikuwa bado kinawaka.

Jioni mwenye jenereta alirudi, akavuta majani yaliyoungua, akapitisha kiganja kwenye rangi iliyobabuka.

"Nani kafunika?"

Kaka alinitazama. Mimi nikatazama barabara.

"Nadhani watu wa mapambo," nilisema.

Nilirudi mjini, Sokon One, nikiwa na keki kwenye foili. Habari zilinitangulia. Sokoni Kikatiti walikuwa wanasema mzee wa kanisa alijifungia stoo na ndoo ya mbege, na kila msimuliaji alikuwa anaongeza ukubwa wa ndoo. Jumatano akina mama wachache ndio waliokwenda kwenye mafundisho. Halafu wifi akanipigia kunieleza kwamba baraza la wazee limeitwa. Likimwona na hatia, shangazi angevuliwa uzee wa kanisa na kutengwa na Meza ya Bwana, yeye ambaye miaka yote alikuwa upande wa pili wa meza hiyohiyo, akishauri nani atengwe na nani arudishwe kundini. Wifi alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayesubiri kwa hamu.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa kitandani mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kichwa kilikuwa bado kinamuuma. Zahanati walimpima presha, wakampa vidonge, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia habari za jenereta, hawakuuliza. Alinishika mkono.

"Mwanangu, wewe ulikuwepo. Mimi nilikunywa nini?"

"Sijui, shangazi."

"Nilikunywa soda. Moja. Au mtu alinitilia?"

"Sijui."

"Nimeomba nikumbuke. Kama nilitenda, nitubu. Lakini nitatubu nini, na sikumbuki?" Akawa anapapasa kiganja changu kwa kidole gumba. "Kuna mtu aliyesogeza jenereta? Nilisikia ngurumo karibu na kichwa changu."

"Watu wa mapambo," nilisema. "Kama walilisogeza, ni wao."

Nikamwachia sukari na mkate, nikaondoka. Njiani nilisimama kwenye mtaro wa barabara kuu nikatapika. Ningependa kuandika kwamba ni dhamiri. Nadhani ni lile paja tu, lilikuwa bado halijaniachia.

Ilibaki siku moja baraza likae. Nilikuwa nyumbani nachambua mchele kwenye ungo, na simu iko juu ya meza, nikiwa nimeshajiandalia maneno ya kumfariji baada ya hukumu. Ikalia. Alikuwa ni yeye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Kaa vizuri. Mimi niko kwa kaka yako. Yule wa video ameleta kazi yake leo. Wifi yako alimwambia asikate kitu, aweke vyote. Mchungaji yuko hapa pia, alikuja kunifariji. Sasa sikiliza."

Nikasikia kishindo cha simu ikisogezwa karibu na televisheni. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, safi, yenye matamshi mazuri, ikisikika wazi juu ya ngurumo ya jenereta. "Lisogezeni nyuma ya stoo. Halafu mlifunike kwa ile migomba iliyobaki ya lango." Mtu akapeleka mkanda mbele, nikapita kwa kasi mimi na uhuru wa fikra na wajibu wa dhamiri. Ukasimama. "Mungu wangu. Ni moshi. Ni moshi wa jenereta." Kisha sauti ya wifi kwa mbali, ikiuliza kama amelewa. Na ile sauti safi ikajibu: "Labda amechoka tu."

Mchele ulikuwa umeshamwagika sakafuni. Upande wa pili mtu alikohoa, nadhani mchungaji.

"Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Mchungaji anasema kesho baraza halitanijadili tena."

"Mungu ni mwema, shangazi."

"Huyo usimtaje kwanza." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonitoa jasho. "Kesho utapanda gari la asubuhi, uje ibada ya kwanza. Matangazo yakiisha, utasimama mbele uwaambie watu nilikunywa nini. Kwa sauti hiyohiyo uliyotolea nasaha."

"Nitakuja."

"Watu wa mapambo nao nimewapigia. Nimewaomba radhi kwa niaba yako, maana niliwatukana."

"Asante, shangazi."

Nilidhani amemaliza, nikaanza kutoa simu sikioni.

"Na kuku wangu?" aliuliza. "Wale wawili. Humu kwenye video naona sahani inaletwa mezani kwako."

"Ndiyo, shangazi."

"Walikuwa wameshakufa."

"Walikuwa wameshakufa."

"Na wewe ulijua kilichowaua."

"Nilijua."

"Ukala."

"Paja moja, shangazi."

Nilimsikia akivuta pumzi, ndefu, ya kifua kizima kilichopona.

"Kinyaa," alisema, akakata simu.